Haili bando: video za familia kwenye mtandao wa nyumbani

Video inayotoka kwenye diski ya sebuleni kwenda kwenye runinga ya chumbani haipiti kwa kampuni ya intaneti hata hatua moja. Inatoka kwenye kompyuta, inapita kwenye ruta, inafika kwenye runinga, basi. Bando likiisha, inacheza. Katapila likikata fiba barabarani, inacheza. Wengi huchanganya Wi-Fi na intaneti kwa kuwa vyote viwili huja ndani ya kiboksi kimoja, na kwa kosa hilo wanaendelea kuhamisha flashi kutoka runinga hii hadi ile, huku DVD za harusi zikiharibika taratibu kabatini. Ruta ina kazi mbili tofauti: kuunganisha vifaa vya nyumbani vyenyewe kwa vyenyewe, na kuvitoa nje. Hapa tunahitaji ile ya kwanza tu.

Vifaa si vingi: kompyuta ndogo moja inayokaa imewashwa (hiyo ndiyo seva), diski mbili, swichi (kiboksi cha kuunganisha nyaya za mtandao), nyaya na UPS (betri ya akiba umeme ukikatika). Programu zote ni za bure. Mtandao wa namna hii ni nadra kushindwa kwa sababu ya programu. Hushindwa kwa waya mbovu, kwa diski isiyopata umeme wa kutosha, na kwa folda ambayo seva haina ruhusa ya kuisoma. Huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Mashine

Usinunue mpya. Tafuta zile kompyuta ndogo za maofisini zinazouzwa zikiwa zimetumika: Dell OptiPlex 3050 Micro, HP EliteDesk 800 G3 Mini, Lenovo ThinkCentre M710q, au zilizofuata kama M720q na 800 G4. Kinachoamua ni kizazi cha prosesa ya Intel, maana ndani yake mna chipu ya video iitwayo Quick Sync. Kizazi cha 6 hufungua HEVC, aina ya mbano wa video, ya biti 8 tu. Kuanzia cha 7 hufungua pia HEVC ya biti 10, na filamu za 4K karibu zote ni za biti 10. Kwa hiyo i5-6500T na i5-7500T huweza kukaa rafu moja ndani ya maboksi yanayofanana, lakini ya kununua ni ile ya pili. Kwa mashine hizi tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi. RAM ya GB 8 inatosha, na SSD ya GB 128 kwa ajili ya mfumo endeshi inabakisha nafasi.

Raspberry Pi 5 ni nzuri kwa kutunza faili, ila haina chipu ya kusimba video. Siku runinga inapotaka video igeuzwe iwe ya aina nyingine inayoifahamu, prosesa inabeba mzigo wote peke yake na picha inakwama. Kwa kazi hii siipendekezi.

Umeme: mashine ya aina hii ikiwa haina kazi hula wati 10 hadi 15, diski ya inchi 3.5 ikizunguka huongeza kama 6. Tuseme wati 20 mchana na usiku, ni uniti 14 na nusu hivi kwa mwezi. Kwa nyumba ya Tanzania iliyo kwenye kundi la D1, ambalo kikomo chake ni uniti 75 kwa mwezi, hizo si za kupuuza. Angalia matumizi yako ya sasa kabla hujawasha kitu kisichozimwa.

Weka Debian, mfumo endeshi wa Linux, bila mazingira ya picha. Kabla ya hapo ingia kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) na uiambie mashine ijiwashe umeme ukirudi: kwenye Dell mpangilio huo unaitwa AC Recovery, kwenye HP na Lenovo ni After Power Loss. Usipofanya hivyo, kila umeme ukikatika itabidi mtu aende akabonyeze kitufe, na siku wewe hupo nyumbani watu watasema kitu chako kimekufa.

Waya

Cat5e inabeba gigabiti moja kwa sekunde hadi mita 100, hivyo nyumba ya kawaida haina haja na zaidi. Swali la kumuuliza muuzaji si Cat5e au Cat6, ni shaba au aluminiamu. Maboksi mengi ya bei nafuu yana waya wa aluminiamu uliopakwa shaba juu, na kwenye boksi huandikwa CCA kwa herufi ndogo, au haiandikwi kabisa. Kata ncha, chukua uzi mmoja, kwangua kwa kisu. Ukiona weupe ndani, rudisha. Aluminiamu hukatika ikikunjwa mara chache, na ndani ya kichwa cha RJ45, kile cha plastiki cha mwisho wa waya, hulegea baada ya miezi, ukabaki na mtandao unaokuja na kupotea bila sababu inayoonekana.

Kubana kichwa ni kazi ya mkono. Ondoa ganda sentimita tatu, fungua jozi nne, nyoosha nyuzi kwa kuzivuta katikati ya kidole gumba na cha shahada mpaka zilale sambamba, kisha zipange hivi kutoka kushoto, klipu ya kichwa ikiwa upande wa chini: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Zikate zote kwa mkato mmoja zibaki urefu wa sentimita moja na kidogo, zisukume ndani mpaka uone ncha nane za shaba ziking'aa kwenye ukuta wa mbele wa kichwa, na ganda la nje liingie chini ya kile kibanio cha plastiki. Ganda likibaki nje, kila waya ukivutwa zinazovutika ni nyuzi zenyewe. Sehemu iliyofumuliwa isizidi milimita 13. Msokoto ndio unaozuia jozi moja isiingiliane na nyingine.

Kuna hitilafu moja inayowapoteza hata mafundi. Mtandao wa megabiti 100 hutumia jozi mbili tu, chungwa na kijani. Gigabiti hutumia zote nne. Uzi mmoja wa bluu au kahawia ukiwa haujagusa, mara nyingi taa inawaka, intaneti inafanya kazi, kila mtu ameridhika, ila mstari umeshuka hadi 100. Wakati mwingine taa inawaka na kuzima tu. Kwenye seva andika

`sudo ethtool enp1s0 | grep Speed`

ukibadilisha jina la kadi kulingana na yako. Utalipata kwa `ip a`. Ikijibu 1000Mb/s, salama. Ikijibu 100Mb/s, kata kichwa kimoja ukibane upya kabla hujagusa kitu kingine. Faili la GB 8 hupita kwenye gigabiti kwa dakika moja na ushei, na kwenye megabiti 100 kwa karibu dakika 12. Tofauti hiyo utaiona kila siku ya kunakili.

Swichi nayo isome vizuri. Kwa TP-Link, TL-SG105 ni ya gigabiti, TL-SF1005D ni ya 100. LS1005G ni ya gigabiti, LS1005 bila G ni ya 100. Seva, runinga na kompyuta zote ziingie kwenye swichi, kisha waya mmoja utoke kwenye swichi kwenda kwenye ruta. Kwa mpangilio huo video haipiti hata kwenye ruta, na udhaifu wa ruta uliyopewa na kampuni hautakuhusu.

Jambo la kushangaza kidogo: runinga nyingi, hata za 4K, zina tundu la waya la megabiti 100 tu. Kwa filamu ya 1080p haina shida, kwani hata picha ya Blu-ray haivuki megabiti 40 kwa sekunde. Lakini Blu-ray ya 4K huweza kupanda hadi 128, na hapo waya utakwama penye matukio ya kasi huku Wi-Fi ya 5 GHz ya ruta iliyo chumba hicho hicho ikipitisha bila tatizo. Ni mahali pekee ninapokubali Wi-Fi mbele ya waya.

Wi-Fi, na balaa la ruta mbili

Ukuta wa tofali za saruji hupunguza 5 GHz kwa nguvu. Kuta mbili na nguzo yenye nondo huweza kuimaliza. 2.4 GHz hupenya zaidi lakini imejaa majirani. Tenganisha majina ya bendi hizo mbili ili ujue kifaa kimeshika ipi, na kwa 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11, si zilizo katikati yao.

Sasa balaa. Kampuni imekuletea ruta yake, Wi-Fi haifiki chumbani, umenunua ya pili, umechomeka waya kwenye tundu la WAN, lile la kupokea intaneti. Umetengeneza mitandao miwili. Runinga iliyoshika ruta ya kampuni haiwezi kuiona seva iliyo nyuma ya ruta ya pili, ingawa zote zina intaneti nzuri. Ondoa waya kwenye WAN, uweke kwenye tundu mojawapo la LAN, yale ya vifaa vya ndani, na kwenye ruta ya pili zima DHCP, yaani ugawaji wa anwani za mtandao. Ruta nyingi siku hizi zina hali ya kufanya kazi kama kituo cha Wi-Fi tu, itumie ukiiona. Kagua pia kama Wi-Fi unayotumia ni ya wageni, au kama umewashwa mpangilio wa kutenga vifaa visionane. Huo ukiwa umewashwa simu itafungua YouTube lakini haitafungua seva iliyo mita mbili kando yake.

Mwisho, mpe seva anwani isiyobadilika. Ingia kwenye ruta, kwenye orodha ya DHCP, funga anwani kama 192.168.1.10 kwa namba ya MAC ya seva, ile ya kadi yake ya mtandao. Hii ni bora kuliko kuiandika kwenye seva yenyewe, kwa sababu ruta itajua kwamba anwani hiyo ina mwenyewe na haitampa mwingine.

Diski

Kabla ya kuamini diski, ijaribu. Sokoni kuna flashi na SSD za nje zinazojitangaza kuwa na TB 2 au 16 ilhali ndani mna kadi ya GB 64. Zinapokea faili zote kwa upole, kisha zinaandika juu ya za mwanzo. Programu iitwayo f3 inamaliza ubishi: `f3write` inajaza diski nzima, `f3read` inasoma na kulinganisha. Kwa diski kubwa ni kazi ya usiku kucha, na ni usiku uliotumika vizuri.

Diski ndogo ya inchi 2.5 inakula umeme wa USB peke yake. Moja kwenye tundu la nyuma la kompyuta ni sawa. Mbili kwenye habu isiyo na adapta yake ni kutafuta hasara. Dalili ni mlio wa tik, kimya, tik tena, na diski inapotea katikati ya kunakili. Diski ya inchi 3.5 inahitaji volti 12, kwa hiyo lazima iwe na kasha lenye adapta, na adapta hiyo nayo iingie kwenye UPS. Diski nyingi za nje za inchi 2.5 ni za aina ya SMR, zenye njia zinazolaliana kama vigae vya paa. Kusoma ni kawaida, lakini kuandika mfululizo huanza kwa kasi na kushuka sana baada ya muda. Kwa kutunza video zinazoandikwa mara moja na kutazamwa mara nyingi, hilo linavumilika.

Ifomati kwa ext4, mpangilio wa faili wa Linux. exFAT haina daftari la kumbukumbu la kazi iliyokatizwa, umeme ukikatika wakati wa kuandika inaweza kupoteza folda nzima. NTFS iliyotoka kwenye Windows ambayo haikuzimwa kikamilifu mara nyingi itakubali kusomwa tu kwenye Linux na kukataa kuandikwa. Ukishafomati, fanya hili ambalo wengi hawalijui: ext4 hutenga asilimia 5 ya diski kwa ajili ya msimamizi wa mfumo. Kwenye diski ya TB 4 hiyo ni GB 200 zimekaa bure. Zirudishe kwa

`sudo tune2fs -m 0 /dev/sdb1`

Usishangae kompyuta ikikuonyesha TiB 3.6. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, kompyuta inahesabu kwa 1024, hakuna kilichoibiwa.

Ipachike diski kwa UUID, namba yake ya kipekee, si kwa jina la sdb ambalo hubadilika ukichomeka kitu kingine. Mstari wa `/etc/fstab`, faili linaloorodhesha diski za kupachika, uwe hivi:

`UUID=namba-ya-diski /srv/media ext4 defaults,nofail 0 2`

Neno `nofail` ni la lazima. Bila hilo, siku diski haijawaka, Debian itasubiri sekunde 90 kisha itasimama kwenye hali ya dharura, na kwa kuwa mashine haina skrini utadhani imeungua.

Lakini `nofail` ina upande wake wa hatari. Diski isipopachikwa, `/srv/media` inabaki folda tupu ya kwenye SSD. Ukinakili filamu usiku huo zinajaa kwenye SSD mpaka mfumo unasimama. Kinga ni mstari mmoja, unaopigwa diski ikiwa haijapachikwa:

`sudo chattr +i /srv/media`

Folda tupu sasa haikubali kuandikwa na yeyote. Diski ikipachikwa juu yake, kila kitu kinaendelea kama kawaida.

Ruhusa za folda ndizo zinazowakatisha watu tamaa. Jellyfin, programu ya seva itakayopeleka video kwenye runinga, inaendeshwa na mtumiaji wake mwenyewe aitwaye jellyfin. Kama hana ruhusa ya kusoma folda, maktaba inaonekana tupu bila hata onyo. Tengeneza kundi moja, liite media, mwingize jellyfin na ujiingize wewe, folda zote zipe ruhusa ya 2775 na faili 664. Ile 2 ya mwanzo inafanya kila faili jipya lirithi kundi. Kwenye Samba, programu inayoifungulia Windows folda za seva, ongeza `force group = media`, `create mask = 0664` na `directory mask = 2775`, la sivyo kila utakachonakili kutoka Windows kitakuja na ruhusa zake. Na usitumie diski iliyojipachika yenyewe chini ya `/media/jina-lako`; njia hiyo hufunguliwa kwa mtumiaji huyo mmoja tu.

Jellyfin

Nachagua Jellyfin kwa sababu haihitaji akaunti ya mtu yeyote nje ya nyumba. Ilianza Desemba 2018, pale programu nyingine ya aina hiyo, Emby, ilipofunga msimbo wake na baadhi ya watu wakachukua toleo la mwisho lililokuwa wazi na kuliendeleza. Plex, nyingine ya aina hiyo, ni nzuri kwa macho, lakini kutumia chipu ya video inataka ulipie. Kuweka Jellyfin kwenye Debian ni amri moja iliyo kwenye tovuti yao, kisha unafungua `http://192.168.1.10:8096` kwenye kivinjari. Runinga za LG na za Android zina programu yake dukani. Runinga isiyokuwa nayo ichomekee kiboksi cha Android TV.

Filamu ziweke kila moja kwenye folda yake yenye jina na mwaka, mfano `Jina la Filamu (2014)`. Video za familia ziweke kwenye maktaba tofauti na uchague aina ya video za nyumbani na picha. Ukiziacha kwenye maktaba ya filamu, Jellyfin itaenda mtandaoni kutafuta, na video ya harusi ya shangazi itapewa bango la filamu ya Marekani. Majina yaanze na tarehe, `2009-08-15 Harusi ya shangazi`, zitajipanga zenyewe.

Kisha mpe jellyfin chipu ya video:

`sudo usermod -aG render jellyfin`

washa upya seva, na kwenye mipangilio ya uchezaji chagua Quick Sync. Hata hivyo lengo ni kwamba chipu isifanye kazi. Kila video inayochezwa kama ilivyo ni bora kuliko inayogeuzwa njiani. Video ikichezwa, dashibodi inakuonyesha kama inageuzwa na kwa nini. Sababu za kawaida ni tatu. Kivinjari cha kompyuta kisichofungua HEVC, hapo tumia programu ya Jellyfin badala ya kivinjari. Sauti ya DTS, ambayo runinga za Samsung tangu za 2018 hazifungui. Kugeuza sauti ni kazi nyepesi, usihangaike nayo. Na manukuu ya picha yatokayo kwenye Blu-ray. Hayo ndiyo mabaya, kwani yanalazimisha seva ichore maandishi juu ya kila fremu na kusimba video yote upya. Tafuta manukuu ya maandishi, SRT, yahifadhi kwa UTF-8, na yape jina sawa na filamu likimalizia na lugha: `Jina la Filamu (2014).sw.srt` kwa Kiswahili.

DVD za harusi

Hapa ndipo penye haraka. DVD ya kuchoma hubeba data kwenye rangi inayochoka kwa joto, mwanga na unyevu, na pwani tunavyo vyote vitatu. Ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha, kisha inakili yote kwa programu ya ddrescue kabla ya kujaribu kuitazama:

`ddrescue -n -b 2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map`

Hii inachukua kinachosomeka kwa urahisi na kuruka penye makovu. Halafu rudi kwenye makovu:

`ddrescue -d -r 3 -b 2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map`

Faili la `.map` linakumbuka sehemu zilizokwisha kupatikana. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuhamisha DVD kwenye kisomeo kingine, cha rafiki au cha laptopu ya zamani, ukaendelea na map ile ile. Visomeo havilingani, kile kilichoshindwa na kimoja mara nyingi kingine hukisoma.

Ukifungua hilo faili la ISO, ambalo ni nakala ya DVD nzima, ndani kuna folda ya VIDEO_TS yenye vipande visivyozidi GB 1 kila kimoja. VTS_01_0.VOB ni menyu, iache. Viunganishe vilivyobaki kwa programu ya ffmpeg, bila kupunguza ubora:

`cat VTS_01_[1-9].VOB | ffmpeg -fflags +genpts -i - -map 0:v -map 0:a -c copy harusi.mkv`

ffmpeg ikikataa kwa sababu ya sauti, fundi wa siku hiyo alirekodi LPCM, sauti isiyobanwa. Badilisha `-c copy` iwe `-c:v copy -c:a flac`.

Picha ya DVD ya huku kwetu ni PAL, 720 kwa 576, na nyingi za kamera za video zina mistari inayopishana: nusu ya mistari ni ya wakati mmoja, nusu ya sehemu ya sekunde inayofuata. Kwenye runinga bapa, bibi harusi akigeuka utaona meno ya kitana pembeni ya shela. Tengeneza nakala ya kutazamia kwa ffmpeg, ukitumia `-vf bwdif -c:v libx264 -crf 18 -preset slow -c:a aac -b:a 192k`. Hiyo inatoa fremu 50 kwa sekunde na mwendo unakuwa laini kama ulivyokuwa kwenye runinga ya zamani. Kama watu wanaonekana kwenda mbele na kurudi nyuma kwa mtetemo, mpangilio wa mistari uliandikwa kinyume; jaribu `bwdif=parity=bff`, au `tff`. ISO usiifute. DVD 40 zilizojaa hazifiki GB 200.

Za zamani zaidi ni VCD, 352 kwa 288. Hizo ddrescue haizisomi vizuri kwa sababu sekta zake za video ni za aina nyingine. Tumia `vcdxrip`, iliyo ndani ya kifurushi cha vcdimager.

Umeme na nakala

UPS ya VA 650 kwa kawaida ina betri moja ya volti 12, Ah 7, yaani Wh 84 kwenye karatasi. Hesabu nusu yake. Kwa seva, diski, swichi na ruta hiyo ni kama saa moja, na inatosha kuzima kwa utulivu. Nunua yenye tundu la USB, uunganishe na programu ya NUT, ili betri ikikaribia kuisha mashine ijizime yenyewe. UPS isiyo na USB inachelewesha ajali tu. Betri hiyo kwenye chumba chenye joto itegemee miaka miwili au mitatu.

Mara moja kwa mwezi soma afya ya diski: `sudo smartctl -a -d sat /dev/sdb`. Angalia mstari wa 5, wa 197 na wa 198, inayohesabu sehemu mbovu za diski. Ikiwa 197 imetoka sifuri na inapanda, nakili leo. Mstari wa 199 ukipanda peke yake, mara nyingi ni waya wa diski, si diski.

Diski ya pili ni ya nakala, na ikae imechomolewa, ikiwezekana nyumba nyingine. Diski mbili zinazoakisiana ndani ya mashine moja si nakala: radi moja, mwizi mmoja, amri moja ya kufuta, zote zimekwenda. Nakili kwa

`rsync -a --info=progress2 /srv/media/ /mnt/nakala/`

Sijaweka `--delete` makusudi. Ukiiweka, na siku hiyo diski kuu haikupachikwa, rsync itaona folda tupu na kwa utii itafuta nakala yote ifanane nayo. Ukiihitaji, tanguliza `mountpoint -q /srv/media &&` kwenye amri. Na baada ya kunakili, ichomeke diski ya nakala kwenye kompyuta nyingine, fungua video tatu, ruka hadi katikati ya kila moja.

Kutazama kutoka nje ya nyumba usifungue mlango wa 8096 kwenye ruta. Kampuni nyingi hazikupi anwani yako mwenyewe ya IP hata ukitaka, na hata ukiipata, mlango huo kila mpita njia ataugonga. Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyako kwa njia ya faragha, ikiwa kwenye seva na kwenye simu inatosha.

Kisha bandika karatasi ndani ya mlango wa kabati: anwani ya seva, jina na nenosiri la Jellyfin, kipi kizimwe kwanza, kipi kiwashwe kwanza, na diski ya nakala iko kwa nani. Iandike kwa kalamu ya wino mzito, kwa lugha ambayo bibi au mtoto wa darasa la sita ataisoma akaielewa.